Haki ya Mnyonge Katika Mapatano ya Madola

Suala lililozungumzwa katika darasa letu huku Tseikuru, na ambalo ndugu zetu wa miji ya Pwani wametutaka tuliandikie, ni hili: Je, dola inapofanya mambo yake na madola mengine, yaipasa kuzitazama haki za wanadamu, au yaipasa kutazama maslahi yake tu?

Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akastaajabu kuona jambo la mabalozi likiandikwa kutoka Tseikuru. Huu ni mji mdogo wa Ukambani, kaskazini ya Kitui, upande wa kuelekea mto Tana. Nchi ya jua kali, ambako mvua ikikosekana vijana hufunga mizigo wakaenda kutafuta. Lakini mahali kama hapa ndipo siasa ya nchi za nje inapoonekana kwa macho. Zamani misafara ya Wakamba ilishuka Pwani na pembe za ndovu. Mmoja katika wakuu wao, Kivoi, aliyempokea Krapf mwaka 1849, aliuawa karibu na huo mto Tana mwaka 1851. Leo hazishuki pembe. Wanashuka mabinti wa Ukambani, kama wanavyotoka mabinti wa sehemu nyingine za Kenya, wakaenda Riyadh, Jeddah na Dammam kufanya kazi za nyumbani. Binti akishafika huko hana baba wala kaka. Ukuta wake ni yale mapatano yaliyofanywa baina ya dola mbili. Ukuta ukiwa mbovu, atakayeangukiwa ni yeye, si waziri aliyetia sahihi.

Basi watu katika suala hili wamegawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza lasema: dola si mtu, haina moyo, ina maslahi. Balozi hakutumwa kuwaidhi. Ametumwa kutafuta masoko, mikopo na kazi za vijana. Akianza kuhesabu makosa ya wenyeji wake atarudi mikono mitupu.

Kundi la pili, nalo ni kubwa katika miji yetu, lasema: hizi haki za binadamu ni fimbo ya Wazungu. Huishika wakitaka kumpiga wasiyempenda, na huificha nyuma ya mgongo mkosaji akiwa rafiki yao. Wakitakiwa ushahidi huitaja Palestina, na katika hilo hawakusema uwongo.

Tuanze na hawa wa pili, kwa kuwa hoja yao imetoka katika historia yetu wenyewe. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yake. Hakutia kwa hiari. John Kirk, mjumbe wa Waingereza, alimjulisha kuwa akikataa manowari zitaizingira Unguja. Waingereza walisema wamesimamia haki ya mtumwa. Walakini mwaka 1890 Unguja ikaingia chini ya himaya yao, na mwaka 1895 ikafuata Pwani yetu pamoja na bara yake. Utumwa wenyewe haukufutwa Unguja mpaka 1897, na Pwani ya Kenya mpaka 1907. Na fidia ilipotolewa walipewa mabwana, si watumwa. Kisha serikali hiyo hiyo, iliyojisifu kuwa imewavua watu minyororo, baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikawavika Waafrika kipande shingoni ili mtu asiweze kumkimbia tajiri wake.

Haya yote ni kweli. Lakini anayeyasema tumuulize suala moja: Je, mtumwa hakuwa mtu? Kirk alikuwa na nia yake na dola yake ilikuwa na tamaa zake. Je, kwa ajili hiyo yule aliyefungwa kamba katika soko la Mkunazini hakudhulumiwa? Na watoto wa Kikamba waliowekwa rehani Pwani katika miaka ya njaa ili wazazi wao wapate nafaka, kisha wengine wasikombolewe tena, hawakuwa na haki? Haki yao ilikuwapo kabla ya manowari kuja, na ingalikuwapo hata kama zisingalikuja. Aibu ni kuwa walingojewa wageni waje kuisema, nao walipokuja kuisema wakaingia na bendera yao. Dhulma ambayo wenyewe wameiacha bila ya kuiondoa huwa ngazi ya adui.

Tena tuyakumbuke maneno waliyojitetea nayo wenye biashara ile. Walisema kuwa ni pato la nchi. Walisema kuwa hazina ya dola yategemea ushuru wake. Walisema kuwa aliyeletwa Pwani hula na kuvaa kuliko huko alikotoka. Msomaji ayaweke maneno haya karibu, maana tutakutana nayo tena.

Wala haki ya mgeni si jambo tulilofundishwa na Wazungu. Kabla ya Utume, mtu wa Zabid katika nchi ya Yemen alifika Makka na bidhaa. Akazinunua Al-As bin Wail, mmoja katika wakubwa wa mji, kisha akakataa kumlipa. Yule mgeni aliwaendea waliokuwa na mapatano na Al-As, nao wakamfukuza, kwa kuwa hawakutaka kuharibu urafiki wao na mkubwa kwa ajili ya mtu asiye na ukoo mjini. Akapanda jabali la Abu Qubays akapaza sauti yake. Ndipo baadhi ya Makureshi walipokutana katika nyumba ya Abdallah bin Judan, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na kila aliyedhulumiwa Makka, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Wakamwendea Al-As wakamtoa mali ya watu. Mtume wetu, naye akiwa kijana, alihudhuria mapatano hayo yaitwayo Hilful-Fudhul, na baada ya kuja Uislamu aliyasifu, akasema kuwa lau angeitwa kwa mfano wake angaliitika.

Ukapita muda, Waislamu wa kwanza wakaadhibiwa Makka, wakakimbilia Habasha, katika Afrika yetu hii. Makureshi wakatuma wajumbe wawili wakiwa na zawadi za ngozi nzuri ili warudishiwe watu wao. Mmoja wao alikuwa Amr, mwana wa yule yule Al-As. Baba alimnyima mgeni mali yake. Mwana, kabla hajasilimu, alitumwa kununua wakimbizi. Zawadi ziligawiwa kwanza kwa makasisi wa mfalme, nao wakamshauri awatoe watu hao bila ya kuwasikiliza. Najashi akakataa kumtoa aliyekimbilia kwake kabla ya kumsikiliza. Alipokwisha kumsikia Jaafar bin Abi Talib, aliwapa amani na kuzirudisha zawadi. Alikuwa mfalme mwenye biashara na Makka, na wale wakimbizi hawakuwa na kitu cha kumpa.

Katika visa hivi viwili imo mizani tunayoitafuta. Haki za binadamu katika siasa ya nchi za nje hazianzi kwa kuwakemea wafalme walio mbali. Kukemea ni rahisi, na kila dola yajua kukemea. Zaanza kwa watu walio mikononi mwako: mgeni aliyeko kwako, mkimbizi aliyebisha mlango wako, na mtoto wako uliyemtuma kwa watu. Dola iliyowauza hawa watatu haina neno la kusema juu ya wengine, na ikisema hakuna wa kuisikiliza. Iliyowalinda hupata uzito wa neno, hata ikiwa ndogo.

Sasa tuiweke Kenya katika mizani hii.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imezihesabu haki za binadamu miongoni mwa misingi inayowafunga watumishi wote wa dola wanapotunga au kutekeleza siasa yoyote, na haikusema kuwa siasa ya nje imetolewa. Kifungu cha 2 kimefanya mikataba iliyoridhiwa na Kenya kuwa sehemu ya sheria yake. Tarehe 9 Oktoba 2024 Kenya ilichaguliwa kuwa katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa kwa miaka 2025 mpaka 2027. Hii ni heshima kubwa. Siku tisa baadaye, tarehe 18 Oktoba, Waturuki wanne waliokuwa wamepewa hifadhi ya ukimbizi walikamatwa Nairobi na watu waliofunika nyuso, wakapelekwa Uturuki. Na Wizara ya Mambo ya Nje ikakiri kuwa imekubali ombi la dola hiyo. Hawakufikishwa mbele ya kadhi wala hakimu ili waulizwe kama wana la kusema. Mwezi uliofuata, tarehe 16 Novemba, Kizza Besigye wa Uganda alinyakuliwa katika mji huo huo, na baada ya siku nne akaonekana Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi.

Msomaji wa Pwani haoni jambo hili kuwa geni. Mwanzo wa mwaka 2007 watu zaidi ya 80 waliokimbia vita vya Somalia walitiwa katika ndege Kenya, wakarudishwa Somalia, na wengi wao wakachukuliwa mpaka magereza ya Ethiopia. Walikuwamo wanawake na watoto, na walikuwamo raia wa Kenya. Wakati ule tulilia kuwa watu wetu wametolewa bila ya hukumu, na tulikuwa na haki ya kulia. Lakini aliyelia mwaka 2007 kwa kuwa waliotolewa ni Waislamu, akanyamaza mwaka 2024 kwa kuwa dola iliyowataka ni ya Waislamu, huyo hakuwa akililia haki; alikuwa akililia kabila lake. Kurani imetuamrisha kusimamia uadilifu hata ushahidi ukiwa juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Amri hii ni nzito, na hapa ndipo mahali pake.

Hapo hapo ndipo lilipo suala la mabinti. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ililiarifu Bunge kuwa Wakenya 89 wamekufa Saudia katika muda wa miaka miwili, walio wengi wakiwa watumishi wa nyumbani, na vifo vingi vikaandikwa kuwa ni moyo uliosimama. Katibu wa Wizara hiyo akapendekeza safari za watumishi zisimamishwe kwa muda mpaka upatikane ulinzi. Hazikusimamishwa. Sheria kuu ya kazi ya Saudia haiwagusi watumishi wa nyumbani. Wana kanuni zao mbali. Na mageuzi ya Machi 2021, yaliyowafungulia wafanyakazi wengi mlango wa kubadili tajiri, hayakuwahusu wao. Mtumishi yuko chini ya kafili, na mara nyingi kafili ndiye ashikaye pasi yake, ijapokuwa kuishika ni kosa.

Tulitazame neno lenyewe. Kafala katika lugha ya dini yetu ni kudhamini na kubeba jukumu. Mwenye kumlea yatima huitwa kwa neno hilo hilo, na ameahidiwa daraja kubwa. Leo neno hilo limekuwa jina la ufunguo ulio mfukoni mwa mtu mwingine. Dini haikulifanya hivyo. Limefanywa na watu, na watu waweza kuambiwa.

Kwa nini basi hawaambiwi? Jawabu ya serikali ni fedha. Wakenya walio nje walileta nyumbani karibu dola za Kimarekani bilioni 5 mwaka 2024, na Saudia ni miongoni mwa nchi zinazotoa sehemu kubwa. Zaidi ya hayo, twaambiwa kuwa vijana hawana kazi, na kuwa binti wa nchi kame apata huko mshahara asioweza kuupata kwao. Msomaji bila shaka ameyatambua maneno haya. Ni pato la nchi, hazina yalitegemea, na aliyekwenda hula kuliko alikotoka. Hatusemi kuwa mtumishi wa leo ni mtumwa. Yeye amekwenda kwa ridhaa yake, na wengi hurudi salama wakajenga nyumba na kusomesha wadogo zao. Twasema kuwa hoja ni ile ile, na kuwa hoja hiyo haikuwa jawabu ya dhulma mwaka 1873 wala si jawabu leo. Pato halimjibu mtu aulizaye kwa nini binti yake amerudi katika sanduku.

Wako wasemao: basi mlango na ufungwe. Ulifungwa mwaka 2012, ukafungwa tena mwaka 2014, ukafunguliwa mwaka 2017. Ulipokuwa umefungwa, wenye shida walipitia nchi jirani mikononi mwa walanguzi, na aliyekwenda kwa siri hakuwa na mkataba hata mmoja wa kumtetea. Kumzuia mtu njaa yake isimpeleke si kumlinda. Kinachotakiwa si kufunga mlango bali kusimama mlangoni.

Wako pia wasemao: nchi maskini haiwezi kusema mbele ya tajiri. Hawa tuwakumbushe Tanzania. Desemba 1965 ilivunja uhusiano wake na Uingereza kwa ajili ya dhulma ya walowezi wa Rhodesia, ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5, ilhali ilikuwa maskini kuliko Kenya ya leo. Ililipa thamani ya neno lake, na neno lake likasikiwa Afrika nzima. Lakini tuseme haki kamili: mwaka 1970, katika Unguja iliyo sehemu ya dola hiyo hiyo, wasichana wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu watu wa Baraza la Mapinduzi, na habari hiyo ikaenea duniani. Neno lililopata uzito kwa kafara ya mwaka 1965 likapungua uzito kwa dhulma ya nyumbani. Mizani haimpendelei mtu.

Imebaki hoja moja, nayo ni ya mwenye elimu. Atasema: Mtume alipofanya suluhu ya Hudaybiya alimrudisha Abu Jandal, aliyemkimbilia akiwa na minyororo miguuni, kwa sababu mkataba ulitaka hivyo. Basi maslahi ya dola hutangulia haki ya mtu mmoja.

Jawabu yetu ni kuwa kisa hiki chathibitisha kinyume cha anavyotaka. Jambo lile lilifanywa mchana, mbele ya watu wote, kwa mkataba uliokubaliwa na pande mbili ambao kila mtu aliyajua masharti yake. Mtume alimsubirisha Abu Jandal kwa maneno ya wazi, na masahaba waliona uchungu mkubwa. Kisha wanawake waliohama baada ya hapo hawakurudishwa. Funzo la Hudaybiya si kuwa mnyonge atolewe kwa faida. Ni kuwa ahadi itimizwe hata ikiwa chungu. Sasa tuulize, ahadi ya Kenya ni ipi? Kenya imo katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao wakataza mkimbizi kurudishwa mahali anapohofia nafsi yake. Basi anayetaka kuifuata Hudaybiya na aitimize ahadi hiyo. Kumtoa mkimbizi usiku kwa mikono iliyofunikwa nyuso si kutimiza mkataba, ni kuuvunja.

Kutokana na haya, yafaa wabunge wetu waulizwe mambo yaliyo wazi. Asitolewe mtu katika nchi bila ya kusikilizwa na hakimu. Mapatano ya kazi na dola za Ghuba yatangazwe, ili baba aliyeko Tseikuru aweze kuyasoma au kusomewa kabla binti yake hajapanda basi. Ubalozi uwe na watumishi na nyumba ya hifadhi vinavyolingana na wingi wa watu waliopelekwa. Kila aliyekufa achunguzwe, na jamaa zake waambiwe kweli. Na wakala aliyempeleka mtu akamtupa asipate leseni tena kwa jina jingine. Katika haya hakuna linalohitaji manowari.

Lakini tukiishia kwa wabunge tutakuwa tumejipendelea. Balozi wa Kenya akisimama Riyadh kumtetea mtumishi, mwenyeji wake ana haki ya kumuuliza: na ninyi kwenu mwawatendaje? Suala hilo halijibiwi na Nairobi peke yake. Lajibiwa na kila nyumba ya Mombasa, Malindi na Lamu iliyo na msichana wa bara jikoni. Je, mshahara wake walipwa mwezi ukiisha, au wawekwa mpaka aombe? Kitambulisho chake kiko kwake, au kimefungiwa kabatini? Ana siku ya kupumzika? Akiugua hupelekwa hospitali, au hurudishwa kwao kwa basi la usiku? Aulizwaye haya asijibu kuwa kwao hana hata hicho. Jibu hilo tumekwisha kulisikia mara mbili katika makala haya.

Hilful-Fudhul haikufanywa na dola; Makka haikuwa na mfalme. Ilifanywa na watu wa mji mmoja waliokutana katika nyumba moja wakaona haya kwamba mgeni apande jabali kuililia haki yake kati yao. Siasa ya nchi za nje hufuata adabu ya miji yake. Mji uliozoea kumlipa mtumishi wake haki yake huzaa watu wasioweza kunyamaza akidhulumiwa mbali, na mbunge wa mji huo hujua atakaloulizwa atakaporudi.

Wabillahi tawfiki.